Siku Verencia Alipohamisha Kizimba

Asubuhi ile ya Julai, Verencia Gelderbloem alipotoka kumwaga mashapo ya kahawa, hakutazama mawingu wala upepo. Alitazama waya wa nguo wa mama mkwe wake, ng'ambo ya barabara. Suti nyeusi ya kuzamia ya mumewe, iliyokuwa ikining'inia pale tangu Jumapili, haikuwepo.

Akaingia ndani. Akatoka tena. Akafunga mlango, akakumbuka ameacha kofia, akafungua, akaichukua, akaiweka juu ya jiko, akaondoka bila kofia. Nilikuwa uani kwangu nikianua nguo zilizolala na umande, nikamsalimia. Aliniitikia "usiku mwema."

Sisi wa mtaa huu wa Blompark hatuulizani sana nani anakwenda wapi na suti yake. Kila nyumba hapa inaishi kwa bahari kwa njia yake. Wengine wako kiwanda cha samaki, wengine kwenye boti za kuwaonyesha watalii papa kule bandari ya Kleinbaai, na wengine wanazamia perlemoni, yule konokono mnene anayejigandisha mwambani na ambaye huruhusiwi hata kumgusa bila kibali. Ruwaan Gelderbloem hakuwa na kibali. Babake hakuwa nacho, babu yake hakukihitaji. Watu wakiulizwa yuko wapi, walijibu kwamba amekwenda kutembea.

Mkewe naye ndiye alikuwa msimamizi wa kizimba kwenye boti ya nahodha Kerneels. Aliwavisha wageni suti, akawaingiza ndani ya kizimba cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa boti, na papa mweupe alipokuja aliwapigia kelele: "Chini! Tazameni chini!" Wageni walivuta pumzi, wakazama, wakamwona, wakaibuka wakilia na kucheka. Kazi hiyo aliipenda, na aliifanya vizuri.

Kwa miaka mingi ndoa yao ilikuwa na utaratibu wake. Jioni Verencia akivua viatu, Ruwaan humuuliza, "Wako?" Akijibu kwamba wako, Ruwaan hazamii kwenye Uchochoro, ule mfereji mwembamba kati ya visiwa viwili ambako sili, wale wanyama wa manyoya wanaolala miambani, hujaa na papa huwafuata. Akijibu hawako, huenda. Hakumwamini mtu mwingine yeyote kwa jambo hilo.

Kisha wakaja wale nyangumi wauaji wawili, wakaanza kuwapasua papa na kula maini yao. Papa waliobaki wakahama. Wiki zikapita, boti zikawa zinarudi na wageni waliokasirika, na jibu la jioni likawa lile lile, hawako, hawako. Ruwaan akawa anakwenda Uchochoroni kama mtu anayekwenda dukani. Alirudi na mfuko umejaa, akiimba. Verencia ndiye hakutulia. Alijua samaki yule hapeleki barua ya kuacha kazi, na siku akitaka kurudi atarudi tu.

Basi jioni moja akamwambia, "Leo nimemwona mmoja. Mkubwa."

Ruwaan akakaa nyumbani. Akapaka rangi uzio, akarekebisha bomba, na Verencia akalala usingizi kama mtoto. Mpaka siku Ruwaan alipokutana dukani na Sivuyile, kijana wa mtaa wa Masakhane anayemwaga chambo kwenye boti ile ile ya Verencia, akamuuliza habari za papa mkubwa.

"Papa gani, kaka?" Sivuyile akacheka. "Sisi siku hizi tunawaonyesha watu pengwini!"

Ruwaan alirudi nyumbani, akachukua mto wake na redio yake. "Mke anayenidanganya habari za bahari," alisema mlangoni, na mtaa mzima tulisikia, "atashindwa kunidanganya nini kingine?" Akavuka barabara kwenda kwa mamake. Tangu hapo walikuwa wanaonana kila siku kupitia uzio na hawasemeshani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile suti ilipokosekana wayani.

Trekta liliisukuma boti majini kukiwa hakujapambazuka vizuri. Maji yalikuwa tuli, baridi inauma mpaka kwenye meno. Walitia nanga upande wa kusini wa kimoja cha vile visiwa viwili, mahali ambapo huwezi kuuona Uchochoro lakini unazisikia kelele za sili. Sivuyile akaanza kumwaga chambo, ule mchuzi wa maini na mafuta ya samaki unaonuka mpaka kesho yake. Kizimba kikateremshwa. Kundi la kwanza likaingia.

"Dada Vere," Sivuyile alimwambia, "leo una nini? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Mwaga mchuzi wako."

"Namwaga. Lakini hiyo kamba umeifunga mara tatu."

Akaitazama kamba. Kweli. Akaifungua, akaifunga tena.

Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu wa kundi la pili, wamekwisha kuvaa suti. Mmoja alikuwa mama wa makamo aliyestaafu ualimu huko Bloemfontein, jina lake Dikeledi, amebanwa na suti mpaka mashavu yamevimba, lakini macho yanacheka. Jirani yake alikuwa bwana mmoja wa Pretoria aitwaye Terblanche, ambaye tangu bandarini alikuwa anauliza papa anakuja saa ngapi, kana kwamba ni treni.

"Papa hana ratiba, baba," Mama Dikeledi akamwambia. "Mimi nimefundisha watoto wa darasa la saba. Najua kungoja mtu asiyependa kuitwa."

Hapo ndipo Kerneels, aliyekuwa juu kwenye usukani, alipofumba mdomo ghafla. Verencia alimwona. Nahodha yule ni mzee mwenye maneno mengi, na akinyamaza ni kwamba ameona kitu.

"Ubavuni," Kerneels akasema taratibu. "Mama yangu wee. Ubavuni, anakuja kutoka chini."

Kivuli kilipanda kutoka kwenye kijani cha maji, kikawa mgongo, kikawa pezi. Papa mweupe. Si mdogo. Alipita kando ya kichwa cha jodari kilichofungwa kambani, akakitazama, hakukigusa, akazunguka kizimba mara moja bila haraka yoyote.

"Chini!" Verencia akapiga kelele. "Chini, kulia kwenu!"

Kizimbani wakazama, wakaibuka wanapayuka kwa lugha zao. Benchini watu wamesimama, simu juu. Sivuyile alikuwa anaruka pale pale alipo, ndoo mkononi, mchuzi unamwagikia viatu. Kerneels alivua kofia akaipiga pajani, mara ya pili, mara ya tatu. "Amerudi! Jamani, amerudi mpenzi wangu!"

Verencia peke yake hakufurahi. Alimfuata papa kwa macho, na papa, baada ya kuzunguka mara ya pili, aligeuza kichwa kuelekea magharibi, mkia ukapiga taratibu, akaenda zake. Magharibi ni Uchochoroni.

Alipanda ngazi ya usukani akiwa bado ameshika mkanda wa vyuma unaomsaidia mgeni kuzama.

"Mjomba Kerneels, tuhamishe boti."

"Tuhamishe twende wapi? Atarudi. Mwachie dakika chache, atarudi kwenye mchuzi."

"Ruwaan yuko Uchochoroni."

Kerneels akavaa kofia yake. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Suti yake haipo. Bahari imelala kama maziwa, papa hawajaonekana tangu lini, siku kama hii utamkuta wapi?"

"Verencia." Mzee alishusha sauti. "Lini sisi tumekuwa walinzi wa wezi wa perlemoni? Mwenye boti akisikia, mimi na wewe tunakwenda kuuza viazi. Na tena, nikitokea kule na boti kubwa, yule anayewalindia chomboni atadhani nimeleta askari. Atakimbia. Hilo hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa?"

"Sasa sijui, Mjomba. Najua tu kwamba hawamtarajii huyu papa. Wako chini wamegeuza migongo, wanachokonoa mawe."

Kerneels akatazama kizimba, ambamo watu walikuwa wanapigiana makofi. Akatazama magharibi. Hapa kwetu hakuna nahodha wa umri wake ambaye hajawahi kusaidia kumfunika turubai mtu aliyekufa baharini, na yeye miaka michache nyuma alimfunika mtoto wa dada yake. Alipangusa kioo cha usukani kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi.

"Watoe watu," akasema. "Pandisha kizimba. Haraka, kabla sijabadili mawazo."

Wa kundi la kwanza walitoka bila ugomvi, wao walikuwa wameshiba. Bwana Terblanche ndiye aliyesimama, hasira ikimtoka puani.

"Zamu yetu je? Papa kaja sasa hivi, ninyi mnafunga duka?"

"Kuna watu wanazamia upande wa pili," Verencia akamjibu huku akivuta kamba ya winchi. "Hawajui kwamba amekuja."

"Watu gani? Mahali pale si pamekatazwa? Ni wezi hao. Mimi nimelipia papa, sikulipia wezi."

"Baba, tulia," Sivuyile akasema. "Papa ndiye tunayemfuata. Ukimwona kule utanishukuru."

"Mmoja wao ni mume wangu," Verencia akasema. Hakuwa amekusudia kulisema. Lilimtoka.

Mama Dikeledi alijiburuta pembeni ndani ya suti yake kupisha kizimba. "Basi tunangoja nini?" akasema. "Nyie vijana, ondoeni boti."

Kuzunguka kisiwa si safari, lakini siku ile Verencia aliiona ndefu. Hakuweza kukaa. Alikwenda mbele akashika chuma, akarudi nyuma akashika kamba, akaenda mbele tena. Alitamani boti ikimbie na papo hapo alitamani isitoe mlio. Alijisemesha kwa sauti ndogo, na Sivuyile aliyemsikia anasema alikuwa anamgombeza Ruwaan, neno kwa neno, kama mtu aliye mbele yake.

Walipokata kona ya mwamba wakaiona boti ya mpira, ya kijivu, imejibanza ukingoni mwa msitu wa mwani. Ndani yake kulikuwa na mtu mmoja. Verencia alimtambua kwa koti: Fielies, binamu wa Ruwaan, ambaye tangu utotoni huruka hata paka akipiga chafya.

"Fielies!" akapaza sauti. "Fielies, ni mimi! Watoe watu!"

Fielies hakusikia jina lake. Aliona boti kubwa, watu wengi wamevaa suti nyeusi kama sare, nahodha anampungia mkono. Akakata kamba ya nanga kwa kisu, injini ikanguruma, boti ya mpira ikainua pua na kutoweka upande wa bahari kuu. Mawimbi yake yaliipiga boti ya Kerneels ubavuni, watu wakashikana.

"Nilisema!" Kerneels akalaani kwa maneno ambayo sitayarudia. "Nilisema au sikusema?"

Sasa chini ya maji kulikuwa na watu wasio na chombo, na aliyewaondolea chombo ni Verencia.

Sivuyile alichukua nyundo, akalala kifudifudi juu ya sitaha, akaanza kuipiga ngazi ya chuma sehemu iliyozama. Ngaa. Ngaa. Ngaa. Sauti husafiri mbali majini. Punde mtu mmoja akaibuka karibu, macho yametoka, akaiona boti, akasita.

"Panda!" Kerneels akamfokea. "Hatuna shida na wewe! Papa yuko!"

Yule mtu akapanda ngazi bila hata kuvua mapezi yake ya mpira. Wa pili akafuata, anatetemeka, anauliza Fielies yuko wapi. Wakavutwa ndani wote wawili na mitungi yao ya hewa.

"Ruwaan?" Verencia akawauliza.

"Kule. Kwenye mwani, upande wa mwamba mrefu. Alisema amepata pazuri."

Kitu kingine Verencia alikuwa amekwisha kukiona, na hakutaka kukisema. Sili. Asubuhi Uchochoro huwa umejaa sili wanaorukaruka na kupigana ndani ya maji. Sasa wote walikuwa juu ya miamba, wamebanana, na ndani ya mfereji hakukuwa na hata mmoja.

Ndipo Ruwaan akaibuka. Mbali kidogo, kichwa tu, katikati ya majani ya mwani. Alikuwa ametoa mpira wa hewa mdomoni na anazungusha macho kutafuta boti yake. Akaiona ya Kerneels. Akamwona mkewe amesimama mbele.

"Fielies yuko wapi?" akapaza sauti.

"Amekimbia! Njoo! Ogelea njoo, Ruwaan, papa amekuja!"

Hata kutoka pale walimwona anacheka. "Papa?"

"Mweupe! Mkubwa! Tumemwona sasa hivi!"

"Mkubwa! Wacha wee!" Alitema maji. "Ule uongo wa juzi haukutosha, Vere? Leo umeleta na hadhira?"

"Ruwaan, naapa!"

"Apia pengwini wako!"

"Anasema kweli, we mpumbavu!" Kerneels akaunguruma kutoka juu. Lakini Ruwaan alikuwa amekwisha kurudisha mpira mdomoni. Kichwa kikazama. Mwani ukajifunga mahali alipokuwa.

Mama Dikeledi alimshika Verencia mkono, kwa sababu alikuwa ameshaweka mguu mmoja ukingoni. "La, mwanangu. Hapana. Si hivyo."

Verencia akautazama ule mkono kama hajui ni wa nani. Kisha akageuka. "Teremsheni kizimba."

"Unataka nini?" Kerneels akauliza.

"Nataka anione. Juu hapa mimi ni mwongo. Chini atatazama kwa macho yake."

Kizimba kikateremshwa, Kerneels akairudisha boti nyuma mpaka mwani ukaanza kukwaruza chuma. Haikuwezekana kusogea zaidi, mapanga ya injini yangenasa. Verencia, akiwa katika suti yake ya kazi, alifunga mkanda wa vyuma, akavaa miwani, akachukua nyundo ya Sivuyile, akaingia kutoka juu. Kwa miaka yote aliyoifanya kazi ile, aliwahi kuingia mara nyingi kujifurahisha. Siku hiyo, anasema, baridi hakuisikia kabisa.

Alivuta pumzi akazama, akapiga chuma kwa nyundo. Maji yalikuwa safi kuliko alivyotarajia. Mashina ya mwani yalisimama kama nguzo, na kati yake, chini kabisa, aliuona mwanga wa tochi na mgongo wa mtu aliyepiga magoti. Ruwaan alikuwa anamkwangua perlemoni mwambani kwa chuma chake, mfuko wa wavu umejaa pembeni yake. Alipiga tena. Ruwaan aligeuza kichwa, akamwona, akatikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi. Nenda zako.

Akaibuka kuvuta pumzi, akazama tena. Na safari hii papa alikuwepo.

Alikuja kando ya ukingo wa mwani, polepole, kama mzee anayekagua uzio wake. Verencia alisahau nyundo. Alinyoosha mkono nje ya vyuma, jambo ambalo yeye huwakataza wageni kila siku, akaonyesha kwa kidole.

Ruwaan aliuona ule mkono. Akageuka upande mkono ulikoelekea.

Tochi ikamtoka. Alijilaza mwambani, akajibana kwenye ufa mpaka akawa sehemu ya jiwe. Papa akapita juu, akaenda, akageuka. Verencia aliibuka, akapumua mara mbili za haraka, mapafu yakimwaka moto, akasikia Sivuyile anauliza kitu, akarudi chini.

Ruwaan alikuwa anapanda. Mgongo kwenye shina la mwani, taratibu, miguu haipigi, kama tulivyofundishwa sote hapa tangu wadogo. Lakini kati ya mwisho wa mwani na kizimba kulikuwa na nafasi wazi, hakuna jani, hakuna jiwe. Na mkononi alikuwa ameshika ule mfuko. Uzito wake ulimvuta upande mmoja, akawa anaogelea kama aliyevunjika bega.

Uache, Verencia akamwonyesha. Alifungua kiganja na kukifumba, kukifungua na kukifumba. Uache! Ruwaan akatikisa kichwa. Kweli, mtu yule akiwa na mauti nyuma yake alitikisa kichwa. Akaingia kwenye nafasi wazi na mfuko wake. Nyuma yake kivuli kilikwisha kugeuka mara ya pili, na safari hii hakikuwa cha polepole.

Verencia alipiga mayowe ndani ya maji. Mapovu matupu. Lakini Ruwaan aliuona uso wake, na huenda uso ulimwambia kilichobaki, maana aliufungua mkono. Mfuko ukazama. Akapiga mapezi yake mara nne, tano, akakigonga kizimba kwa kifua, na mkono wa Sivuyile, aliyeinama ukingoni mwa boti, ukamdaka mtungi mgongoni, ukampandisha na kumwangusha ndani kutoka juu, mtungi ukikwaruza vyuma.

Walikuwa hawajasimama vizuri papa alipopita. Hakuuma. Alijiburuza tu ubavu mzima kwenye vyuma, kizimba kikatikisika na boti pia, na Verencia aliliona jicho jeusi likija, likasimama kwao kidogo, likapita. Likafuatiwa na ngozi ya kijivu isiyokwisha. Kisha mkia. Kisha maji.

Vichwa vyao viliibuka pamoja. Ruwaan alikuwa amemshika mkewe mkono wa suti, karibu na kiwiko, na vidole vyake vilikataa kufunguka. Ilibidi wapandishwe hivyo hivyo, wawili kwa pamoja.

Juu ya sitaha Ruwaan alitapika. Kisha akakaa ameegemea ndoo ya mchuzi, midomo ya buluu. Bwana Terblanche, aliyeona yote kutoka ukingoni, alikuwa ameketi, simu mkononi, hakumbuki kuitumia. Mama Dikeledi akamwaga chai kutoka kwenye chupa yake, akaiweka mikononi mwa Ruwaan, akamfungia vidole juu ya kikombe.

"Perlemoni zangu," Ruwaan akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Verencia alianza kucheka. Alicheka akakosa pumzi, akakaa chini, akaendelea kucheka mpaka kicheko kikageuka, na Sivuyile akawaambia wageni wote watazame upande ule, kuna pengwini.

Bandarini Kleinbaai askari wa uvuvi walikuwa wanangoja. Fielies alikuwa amekwenda moja kwa moja mikononi mwao kule kwenye rasi, na alipokamatwa aliwataja wote kabla hajaulizwa. Inspekta wao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kanisani, aliwatazama wale watatu waliofunikwa mablanketi.

"Hawa ni wageni wako, nahodha?"

"Ni watu niliowaokota baharini," Kerneels akajibu. "Ndiyo sheria ya bahari. Ya nchi kavu ni yako."

"Wana mzigo?"

"Tafuta."

Mzigo haukuwepo. Hata hivyo mahali walipozamia palitosha kuwashtaki, na vifaa vyao vilitosha. Waliingizwa kwenye gari. Ruwaan hakugeuka nyuma. Verencia alibaki pale kwenye saruji iliyolowa, suti bado mwilini, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, mpaka Kerneels alipomwambia aende nyumbani.

Mwenye boti alimwita kesho yake, akamwambia akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Hakupiga kelele. Kukaa nyumbani ndiko kulikokaribia kumuua. Alifua mapazia, akayafua tena. Alikuja kwangu mara tano kwa siku kuazima vitu alivyokuwa navyo. Aliniambia kila akifumba macho anaona ule mkono unaofukuza nzi, kisha anaona mfuko, na anataka kuuliza swali moja tu: kama uso wake yeye Verencia usingekuwa vile, je, Ruwaan angeuacha mfuko?

Mahakama ilimpa Ruwaan kifungo cha nje na kuchukua vifaa vyote. Alirudi kwa mamake, si kwa Verencia. Tulidhani atatafuta suti nyingine baada ya wiki, kama wenzake wawili walivyofanya. Hakutafuta. Asubuhi moja nilimwona ufukweni amekunja suruali, amesimama. Wimbi dogo likaja likamfika vifundoni, akaruka nyuma kama aliyeungua. Alitazama kama kuna aliyemwona. Nikainama nikajifanya nafunga kiatu.

Baadaye watu walijua, na watu wakijua hawanyamazi. "Ruwaan, mvua inakuja, usije ukazama!" vijana walimtania dukani. Alicheka nao. Usiku mamake alimsikia anatembea jikoni.

Verencia alikuwa ameitwa kazini kufikia wakati huo, kwa sababu wageni waliokuwepo siku ile walikuwa wameandika sifa nyingi, na aliyeandika ndefu kuliko wote alikuwa Bwana Terblanche. Jioni moja aliporudi, alimkuta Ruwaan ameegemea uzio ule alioupaka rangi.

"Kuna kazi Grabouw," akasema. "Kwenye mashamba ya matofaa. Binamu ya mama ana nafasi."

"Wewe? Juu ya ngazi?"

"Ngazi haina meno."

Verencia akachezea ufunguo. "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Sijui." Alitazama barabara, akatazama viatu vyake. "Nilikuona kabla sijamwona yeye. Ulipotoa mkono. Nikasema, huyu mwanamke hajawahi kutoa mkono nje ya kizimba maisha yake yote."

Aliondoka Jumatatu.

Mwezi ulipokwisha alirudi, Jumamosi, mikono imepasuka, analalamika kwamba huko usiku ni kimya mno, mtu hawezi kulala bila kusikia mawimbi. Aliingia kwa geti la Verencia, mto kwapani. Walikula samaki wa kukaanga na mkate, wakabishana kuhusu chumvi.

Jumapili kulikuwa na safari ya boti. Verencia aliamka gizani akamkuta amekwisha kuamka, anafunga kamba za viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Nakupeleka."

Waliendesha mpaka Kleinbaai bila kuwasha redio. Trekta lilikuwa linanguruma, Sivuyile anabeba ndoo na kumtukana mtu kwa furaha. Ruwaan aliteremka naye kwenye mteremko wa saruji, hatua kwa hatua, hadi pale ambapo saruji inaanza kuwa na mwani na utelezi. Hapo akasimama. Verencia alimwona anajaribu kuongeza hatua moja, na mguu unakataa.

"Basi," akamwambia. "Hapo panatosha."

"Saa ngapi mtarudi?"

"Bahari ikituchoka."

Akapanda boti. Walipoondoka aligeuka mara moja. Ruwaan alikuwa bado pale pale, mikono mfukoni, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, na boti ilipokata kona ya mawe alikuwa hajaondoka.